Takwimu za haki za kiraia za shule za Marekani (CRDC): nizisomeje kwa watoto wanaojifunza Kiingereza?

mkalimani_KY

Salamu, ndugu. Nafanya ukalimani kati ya shule za umma na familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi za kutoka Kongo, hapa Kentucky. Wazazi wa shule moja ya kati (darasa la 6 hadi la 8) wana madai mawili. La kwanza, watoto wao husimamishwa masomo kwa makosa ambayo wenzao huonywa tu. La pili, wapo watoto waliopimwa Kiingereza wakaonekana wanahitaji msaada, lakini kwenye ratiba hawana kipindi hicho.

Nimeelekezwa kwenye takwimu za CRDC, zile ambazo Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu huzikusanya kutoka kila shule ya umma nchini. Nimepakua mafaili ya mwaka wa masomo 2021-22. Kwa shule hiyo nimekuta:

Wanafunzi weusi 140, weupe 260. Waliosimamishwa masomo nje ya shule: weusi 15, weupe 9. Wanaojifunza Kiingereza 84; kati yao walioandikishwa kwenye programu ya kufundishwa Kiingereza 61. Waliozuiwa kwa nguvu 0, waliofungiwa peke yao 0. Sehemu nyingine zimeandikwa -9, na nilipojumlisha nikapata jumla iliyo chini ya sifuri.

Naomba kujua: 15 kwa 9 ni tofauti ya kuzungumzia? Hizo sifuri niziamini? Mbona hakuna mahali panapotaja lugha ya nyumbani wala nchi mtoto alikotoka? Na je, namba hizi zinatosha kupeleka malalamiko?

hesabu_za_wilaya

Anza na -9 kabla ya lolote. Hiyo si idadi, ni alama kwamba swali halikuihusu shule hiyo au lilirukwa. Zipo alama nyingine hasi, kila moja na maana yake kwenye mwongozo unaopakuliwa pamoja na mafaili. Zigeuze zote ziwe nafasi tupu kabla ya kujumlisha. Usizigeuze kuwa sifuri. Sifuri maana yake shule imejibu "hakuna"; nafasi tupu maana yake hakuna jibu. Mtu wa takwimu wa wilaya akiona umechanganya hivyo viwili, hatafika ukurasa wa pili wa barua yako.

Sasa hizo 15 na 9. Nina wasiwasi ni pungufu. Nidhamu kwenye mafaili haya imekatwa vipande. Kuna wanafunzi wasio na ulemavu, ambao majina ya safuwima zao yana DISCWODIS, na kuna wenye ulemavu wanaohudumiwa chini ya sheria ya IDEA, zenye DISCWDIS. Ndani ya kila fungu, aliyesimamishwa nje ya shule mara moja yuko kwenye safuwima ya SINGOOS na aliyesimamishwa zaidi ya mara moja yuko kwenye MULTOOS. Kisha wavulana (M) na wasichana (F) wametengwa. Kwa hiyo ukitaka wanafunzi weusi (BL) wote waliosimamishwa, unajumlisha safuwima nane. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuchukua zile nne za DISCWODIS na kuishia hapo, akiwaacha nje watoto wenye ulemavu, ambao ndio wanaosimamishwa zaidi kwa asilimia.

Angalia mambo mengine matatu humo humo:

Safuwima za LEP ndani ya nidhamu si kundi la ziada. LEP ni alama ya mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, na mtoto huyo amekwisha kuhesabiwa kwenye rangi yake. Ukijumlisha LEP na BL umemhesabu mara mbili.

Wanafunzi wenye mpango wa Kifungu 504 (sheria nyingine ya ulemavu, tofauti na IDEA) peke yake wana safuwima zao, na hizo zimegawanywa kwa jinsia bila rangi. Hao huna namna ya kuwaingiza kwenye ulinganisho wa weusi na weupe.

Kinachohesabiwa ni wanafunzi, matukio hayahesabiwi. Mtoto aliyesimamishwa mara saba yuko kwenye MULTOOS kama mtu mmoja. Kwa hiyo usiseme "kusimamishwa 15", sema "wanafunzi 15 waliosimamishwa angalau mara moja".

Na kama unatumia Excel: kitambulisho cha shule kina tarakimu 12, saba za wilaya na tano za shule. Ukifungua faili moja kwa moja, Excel itakionyesha kama 2.1E+11. Kwa majimbo ambayo namba yake inaanza na sifuri, kama Arizona (04), sifuri hiyo itaondolewa kabisa na mafaili mawili hayataungana tena. Ingiza safuwima hiyo kama maandishi tangu mwanzo.

mkalimani_KY

Ahsante sana. Ni kweli nilichukua DISCWODIS tu. Nimejumlisha upya zote nane kwa kila kundi: weusi 24, weupe 11.

hesabu_za_wilaya

Basi 24 kati ya 140 ni asilimia 17.1, na 11 kati ya 260 ni asilimia 4.2. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: mwanafunzi mweusi alikuwa na uwezekano wa kusimamishwa karibu mara nne kuliko mweupe. Kwa nchi nzima, mwaka 2013-14, uwiano huo kutoka darasa la chekechea ya mwisho hadi la 12 ulikuwa mara 3.8, kwa hiyo shule yenu si kioja. Hilo halimaanishi ni sawa. Linamaanisha tu kwamba usimwambie mwandishi wa habari kuwa ni shule mbaya kuliko zote.

Kabla hujauandika uwiano huo mahali popote, utikise kidogo uone kama unasimama. Idadi ya wanafunzi waliopo huhesabiwa siku moja, tarehe 1 Oktoba au siku ya shule iliyo karibu nayo. Waliosimamishwa huhesabiwa mwaka mzima. Maana yake mtoto aliyefika kutoka kambini mwezi wa Januari hayumo kwenye ile 140, lakini akisimamishwa mwezi wa Machi anaingia kwenye 24. Shule zinazopokea wakimbizi katikati ya mwaka hupata asilimia zilizokuzwa namna hii, na kwa makundi madogo unaweza hata kukuta zaidi ya asilimia 100. Jaribu: chukulia wanafunzi weusi 30 waliongezeka baada ya Oktoba. 24 kati ya 170 ni asilimia 14.1. Bado ni zaidi ya mara tatu ya weupe. Umejipa nafasi kubwa na hoja haijaanguka, kwa hiyo unaweza kuitumia.

Upande wa pili, 11 ni namba ndogo. Watoto wanne tu wakihama safu, uwiano unabadilika sana. Isitoshe, namba ndogo kwenye mafaili ya umma huguswa kidogo kwa makusudi ili mtoto asitambulike, kwa hiyo usijenge hoja juu ya tofauti ya mwanafunzi mmoja au wawili. Chukua pia 2017-18 na 2020-21 uweke sambamba, lakini usiuamini sana mwaka wa 2020-21: shule nyingi zilikuwa zikifundisha kwa intaneti wakati wa korona, na nidhamu ilishuka kila mahali kwa sababu watoto hawakuwamo majengoni. Mkusanyo wenyewe ulikuwa ufanyike 2019-20 ukaahirishwa.

bwana_safari

Niko Nairobi, naomba kuuliza la pembeni. Huku Kenya shule zilikuwa zikikimbilia kujaza NEMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za elimu, kwa sababu mgao wa fedha ulifuata jina la mtoto. Huko kinachomlazimisha mkuu wa shule kusema "nimesimamisha weusi 24" ni nini? Si atapunguza tu?

mtetezi_wa_darasa

Swali zuri. Chombo hiki kilianza 1968, wakati serikali kuu ilipotaka kujua kama wilaya za shule zinatekeleza amri za kuacha kuwatenga watoto weusi. Tangu 2004 kinaitwa CRDC. Nguvu yake inatoka kwenye sheria ya 1979 iliyounda Wizara ya Elimu, inayoipa Ofisi ya Haki za Kiraia mamlaka ya kukusanya takwimu zinazohitajika ili kuhakikisha sheria za haki za kiraia zinafuatwa. Juu ya hapo, kanuni za Sura ya VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 (rangi na asili ya taifa), Sura ya IX ya 1972 (jinsia) na Kifungu 504 cha 1973 (ulemavu) zinamtaka anayepokea fedha za serikali kuu atoe taarifa anazoombwa. Kwa hiyo fedha zipo nyuma yake, ila haziendi kwa hesabu ya kichwa. Wilaya isiyotaka kuhojiwa iache fedha za Washington, na hakuna inayoziacha.

Kwa miaka mingi ilikuwa ni sampuli. Mwaka 2009-10 zilihusishwa wilaya kama 7,000. Kuanzia 2011-12 ni wilaya zote na shule zote za umma, za mkataba zikiwemo, na magereza ya watoto pia. Ni zaidi ya wilaya 17,000 na shule 97,000. Kwa kawaida hufanyika kila mwaka wa pili.

Kupunguza? Namba huingizwa na wilaya, mfumo unazikagua, kisha mkuu wa wilaya au aliyemteua anathibitisha kwamba ni za kweli. Uongo wa moja kwa moja si shida kubwa kama unavyodhani. Shida kubwa ni uzembe na tafsiri ya maneno, na hapo sauti_ya_ulemavu ana ya kusema.

sauti_ya_ulemavu

Ninayo. Mkalimani, hizo sifuri zako mbili usiziamini na usizikatae. Zichukue kama swali ambalo halijajibiwa.

Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, inayofanya ukaguzi kwa niaba ya Bunge la Marekani, ilichunguza takwimu za 2015-16. Asilimia 70 ya wilaya zote ziliandika sifuri kwa kuzuiwa kwa nguvu na kufungiwa. Mfumo ulikuwa na kanuni ya kuiuliza wilaya "una uhakika na sifuri hii?", lakini kanuni hiyo iligusa wilaya zenye wanafunzi zaidi ya 100,000 tu, yaani kama 30 kati ya zaidi ya 17,000. Zilizobaki ziliandika sifuri na kupita.

Sifuri za uongo huzaliwa hivi. Shule haina kitabu cha kuandikia matukio hayo, kwa hiyo karani hana cha kuhesabu, na fomu haimruhusu kuendelea bila namba. Au chumba kina jina la kupendeza, cha kutulia, cha kujipanga upya, na kwa kuwa hakiitwi cha kufungia, anayejaza haoni kuwa kinahusika. Kwenye ufafanuzi wa CRDC jina halina maana. Kama mtoto amewekwa peke yake bila hiari na anazuiwa kutoka, amefungiwa. Au mtoto amepelekwa shule maalumu nje ya wilaya, na kila upande unadhani mwingine ndiye anayeripoti.

Kosa hilo hilo hutokea kwa kusimamishwa. Mama anapigiwa simu saa tano, "njoo umchukue, leo ana siku mbaya." Hakuna karatasi. Kwenye mfumo mtoto amekwenda nyumbani kwa ruhusa ya mzazi. Ikitokea mara nane kwa mwaka ni siku nane za masomo zilizopotea na sifuri kwenye takwimu. Waambie wazazi waombe kila mara kuandikiwa sababu, hata kwa ujumbe wa simu, na waweke tarehe.

Makosa ya kuzidisha nayo yapo. Kwa 2015-16 karibu shule 240 ziliripoti tukio la kupigwa risasi. Waandishi wa redio ya umma NPR walipozipigia moja moja, waliweza kuthibitisha 11. Wilaya moja kubwa ya Ohio ilikuwa imeandika 37 kwenye mstari wa kupigwa risasi, kumbe zilikuwa za mstari mwingine, wa wanafunzi waliokutwa na kisu au bunduki. Hakuna aliyedanganya, namba zilishuka mstari tu.

Kwa Kentucky una njia ya kupima sifuri hizo. Jimbo lina kanuni yake, 704 KAR 7:160, inayotaka kila tukio la kuzuiwa au kufungiwa liandikwe na mzazi aarifiwe ndani ya saa 24. Jimbo pia hutoa kadi ya ripoti ya kila shule yenye takwimu za tabia na nidhamu. Kama kadi ya jimbo ina namba na CRDC ina sifuri kwa mwaka ule ule, unayo barua ya kuandika kesho asubuhi: "Mmewapa jimbo namba hii na serikali kuu namba ile. Ipi ni sahihi?" Soma maelezo chini ya jedwali kwanza, maana fafanuzi za jimbo na za CRDC zinaweza kutofautiana.

mwalimu_wa_lugha

Naona kila mtu amekimbilia nidhamu, na jambo zito kuliko yote kwenye orodha ya mkalimani ni ile 84 na 61.

Watoto 23 wametambuliwa kuwa wanahitaji msaada wa lugha na hawamo kwenye programu. Namba zote mbili huhesabiwa siku moja, ile ya Oktoba, kwa hiyo kisingizio cha waliofika katikati ya mwaka hakina nguvu hapa. Shule za Kentucky hufungua katikati ya Agosti. Sheria ya serikali kuu inaitaka shule impime mtoto ndani ya siku 30 tangu aandikishwe, na imwarifu mzazi ndani ya siku 30 tangu mwaka uanze, au wiki mbili tangu kuwekwa kwenye programu kwa anayetambuliwa baadaye. Ikifika Oktoba mosi, aliyeanza Agosti alipaswa kuwa tayari amewekwa. Waliobaki nje kwa haki wangekuwa wachache walioingia Septemba.

Shule itajibu kwamba wazazi walikataa programu. Mzazi anayo haki ya kukataa, ndiyo. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, karatasi ya kukataa: ipo? imesainiwa? aliisoma kwa lugha gani? Karatasi ya Kiingereza iliyosainiwa na mzazi asiyesoma Kiingereza, bila mkalimani, haithibitishi uamuzi wowote. Tena mtoto asitumike kutafsiri karatasi kama hiyo. Pili, mzazi akikataa programu, wajibu wa shule hauishi. Mtoto bado lazima apimwe Kiingereza kila mwaka, afuatiliwe, na akionekana anakwama kwa sababu ya lugha shule imsaidie ndani ya madarasa ya kawaida na kumrudia mzazi.

Msingi wa yote haya ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1974, Lau v. Nichols, iliyohusu wanafunzi wa asili ya China huko San Francisco: kumpa mtoto vitabu na mwalimu wale wale si usawa kama haelewi kinachosemwa. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya fursa sawa za elimu, EEOA, inayozitaka shule zichukue hatua za kuondoa kizuizi cha lugha. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ikaweka vipimo vitatu katika Castañeda v. Pickard: programu iwe na msingi wa kitaalamu, iwe na walimu na vifaa vya kuitekeleza kweli, na matokeo yaangaliwe ili isiyofanya kazi irekebishwe. Watoto 23 wasio na kipindi ni swali la kipimo cha pili moja kwa moja. Barua ya mwongozo ya 2015 iliyoeleza haya kwa kirefu imeondolewa na serikali mwaka 2025, na nimeona watu wakidhani basi wajibu umekufa. Barua ilikuwa maelezo. Sheria na hukumu zipo pale pale.

Kuhusu lugha ya nyumbani: CRDC haiulizi. Ina makundi saba ya rangi na asili, na mtoto wa Bukavu, wa Mogadishu na Mmarekani mweusi wa vizazi kumi wote wamo kwenye BL. Kwa hiyo ile 24 haikuruhusu kusema neno "Wakongo". Lugha iko kwenye fomu ya lugha ya nyumbani ambayo mzazi hujaza siku ya kuandikisha, na wilaya inayo kwenye mfumo wake. Inabidi uiombe huko.

mkalimani_KY

Hapo nimeelewa vizuri zaidi. Sasa niombe nini, kwa nani, na kwa mpangilio gani? Na malalamiko yapelekwe wapi, maana nasikia ofisi zimefungwa.

mtetezi_wa_darasa

Namba za CRDC hazithibitishi ubaguzi. Zinakuambia tu uombe karatasi zipi. Tangu uamuzi wa Alexander v. Sandoval wa 2001, mtu binafsi hawezi kwenda mahakamani chini ya Sura ya VI kwa hoja kwamba kanuni ina matokeo mabaya kwa kundi fulani tu. Lazima aonyeshe ubaguzi wa makusudi. Amri ya rais ya Aprili 2025 nayo imeziagiza ofisi za serikali kuu ziweke kando hoja za matokeo. Kwa hiyo malalamiko yanayosema "uwiano ni mara nne" na kuishia hapo yatakaa kwenye droo. Yanayosema "watoto wawili, kosa lile lile, siku zile zile, mmoja kaonywa na mwingine kasimamishwa siku tatu" ni malalamiko ya kutendewa tofauti, na hayo hayajaguswa na amri hiyo.

Mpangilio ninaoupendekeza:

1. Kila mzazi aombe kwa maandishi kumbukumbu za mtoto wake. Sheria ya faragha ya 1974, FERPA, inaipa shule siku zisizozidi 45 kumruhusu azione. Ataje kwa majina: fomu ya lugha ya nyumbani, alama za kipimo cha Kiingereza cha mwanzo na cha kila mwaka, mpango wa huduma za lugha, ratiba ya vipindi, kumbukumbu zote za nidhamu, na karatasi yoyote ya kukataa programu. Akisema "naomba faili la mtoto" tu, atapewa kadi ya alama.

2. Wewe au mkazi yeyote wa Kentucky muombe wilaya takwimu chini ya sheria ya jimbo ya kumbukumbu za umma. Tangu 2021 lazima mwombaji awe mkazi wa jimbo, na ofisi ina siku tano za kazi kujibu. Omba miaka mitatu, shule hiyo peke yake, bila majina: kwa kila tukio la nidhamu, mwezi, aina ya kosa, adhabu, idadi ya siku, rangi, kama anajifunza Kiingereza, na lugha ya nyumbani. Wilaya huenda ikakataa vipande vyenye watoto wachache kwa hoja ya faragha. Ikikataa, kubali miezi iunganishwe iwe mwaka, lakini usikubali kosa na adhabu vitenganishwe, kwa sababu ulinganisho wako wote uko hapo.

3. Angalia kwanza makosa yanayotegemea jicho la mwalimu: utovu wa heshima, kukaidi, kuvuruga darasa. Bangi au kisu ni vitu vinavyoonekana, ni vigumu kubishania. "Utovu wa heshima" wa mtoto ambaye hakuelewa amri iliyotolewa kwa Kiingereza ni suala la nidhamu na la lugha kwa pamoja, na hapo madai mawili ya wazazi wako yanakutana.

4. Chunga muda. Malalamiko kwa Ofisi ya Haki za Kiraia yanatakiwa ndani ya siku 180 tangu tukio la mwisho. Takwimu za 2021-22 zilitolewa Januari 2025, kwa hiyo zenyewe haziwezi kuwa tukio. Tafuta tukio la karibuni, kisha takwimu ziwe ushahidi kwamba jambo si la jana. Kwa watoto 23 ni rahisi zaidi: kama bado hawana kipindi, jambo linaendelea leo.

Ni bure, halihitaji wakili, na mlalamikaji si lazima awe mzazi. Ila ukimtaja mtoto wa mtu aliye chini ya miaka 18, watataka ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Shule hairuhusiwi kumlipizia kisasi aliyelalamika au aliyetoa ushahidi. Waeleze wazazi hilo mapema, kwani wengi wanaogopa.

Kuhusu ofisi: Machi 2025 ofisi saba kati ya 12 za kanda zilifungwa, na ile ya Philadelphia iliyokuwa ikishughulikia Kentucky ni mojawapo. Malalamiko bado yanapelekwa kwa fomu ya mtandaoni, lakini tegemea kusubiri sana. Kwa suala la lugha, Idara ya Sheria nayo ina kitengo cha fursa za elimu kinachosimamia EEOA, na wilaya yenyewe inapaswa kuwa na utaratibu wa ndani wa malalamiko. Mimi ningeanza na wilaya kwa suala la 23, maana linaweza kurekebishwa kwa kubadilisha ratiba ndani ya wiki moja, na ningepeleka la nidhamu nje.

hesabu_za_wilaya

Nyongeza kwa namba 2. Omba data ije kama faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye Excel), na uombe pia orodha ya maana ya misimbo yao. Wilaya zina misimbo ya nidhamu ya kwao, na "kuondolewa darasani siku moja" inaweza kuwa na misimbo mitatu ambayo miwili haiingii kwenye kusimamishwa kwa CRDC. Bila orodha hiyo utapata tarakimu tupu.

mwalimu_wa_lugha

Na ile karatasi ya ridhaa ya mzazi, mkalimani, usiitafsiri kwa mdomo ukasainisha papo hapo. Iandike kwa Kiswahili wanachokisoma wao, cha Kongo, ukurasa mmoja, juu ya ile ya Kiingereza, na mzazi asaini zote mbili kwa tarehe moja. Shule ikiuliza baadaye kama mzazi alielewa alichosaini, karatasi hizo mbili ndizo jibu.

mkalimani_KY

Nashukuru nyote. Kwanza naandika barua ya 84 na 61 kwa msimamizi wa programu ya lugha wa wilaya, nikiomba orodha ya karatasi za kukataa bila majina, tarehe zake na lugha zilizotumika. Maombi ya kumbukumbu za nidhamu yatafuata wiki hiyo hiyo.